Picha haifunguki, ina vibokisi au imekatika nusu: tafuta chanzo kabla ya kulaumu fomati

"Nihifadhi picha zangu kwa fomati gani?" Wapiga picha wa Mwanza wanauliza hivyo, na siku hizi hata familia zenye simu tu. Shida ni kwamba swali huja likiwa limechelewa: picha za sendofu zimeshakataa kufunguka, au ya marehemu imetoka ukungu mtupu kwenye karatasi. Kwa hiyo hapa tunaanza na kile unachokiona kwa macho, halafu tunarudi nyuma hadi kwenye chanzo. Mara nyingi fomati husingiziwa bure. Tatizo huwa ni njia ambayo picha imepitia, na nakala ipi mtu aliamua kuitunza.

Kabla ya lolote, usifanye majaribio kwenye nakala pekee uliyonayo. Kopi kwanza mafaili kwenye folda nyingine, uhangaike na hizo kopi. Na kompyuta ikikuuliza kama ifomati flashi au kadi, yaani iifute yote na kuiandaa upya, kataa, hata kama anayekuelekeza ni fundi mwenye duka lake.

## Picha za simu hazifunguki kwenye kompyuta

Hili ndilo linaloongoza. Mtu amepiga picha za ubarikio kwa iPhone, amezihamishia kwenye mashine ya steshenari ili zisafishwe, majina yanaonekana vizuri, lakini ukibofya unaambiwa aina hii ya faili haitambuliki.

Angalia herufi za mwisho wa jina. Zikiwa HEIC, picha ni nzima. Apple ilianza kutumia fomati hiyo kwenye iPhone mwaka 2017, ilipotoa iOS 11, kwa sababu hubeba ubora ule ule kwa karibu nusu ya ukubwa wa JPEG, ile fomati ya kawaida ya picha inayoishia na jpg. Baadhi ya simu za Samsung nazo zina sehemu ya kuiwasha. Ila kompyuta nyingi za mtaani zina Windows isiyowekewa nyongeza ya kuisoma.

Kama jina linaishia na jpg na bado halifunguki, huenda kuna mtu alibadilisha jina tu akidhani amebadilisha fomati. Kuna kipimo cha dakika moja. Chukua kopi ya faili, ifungue kwa Notepad, programu ya maandishi ya Windows, usome mstari wa kwanza. Utakutana na takataka za alama, lakini katikati yake kuna maneno: ukiona JFIF au Exif mwanzoni kabisa, hiyo ni JPEG, ftyp ikifuatiwa na heic ni picha ya iPhone iliyovishwa jina lisilo lake, PNG hujitaja yenyewe, TIFF, fomati nzito isiyotupa kitu, huanza na II au MM, na RAW nyingi (picha ghafi za kamera) za Nikon na Sony nazo huanza hivyo kwa kuwa zimejengwa juu ya TIFF. Ukikuta nafasi tupu kuanzia juu hadi chini, ndani hamna picha, jina tu ndilo limebaki. Funga bila kusevu.

Sababu ya tatu, isiyotokea sana, ni faili lenye KB 0. Hapo kopi haikufanyika, rudi kwenye simu.

Dawa ya kuanzia leo ni kwenda Settings ya iPhone, kisha Camera, kisha Formats, uchague Most Compatible. Simu itapiga JPEG. Kwa zilizokwisha kupigwa, programu za bure kama XnConvert au GIMP zinazigeuza. Weka ubora kwenye 90 hadi 95, na usifute HEIC zako: hizo ndizo asili, JPEG ni za kugawa na kusafishia. Tovuti za kugeuza picha bure nazikwepa. Picha za watoto wako unazipakia kwa mtu usiyemjua, na bando lako ndilo linalolipia.

## Kwenye simu inang'aa, ikisafishwa inatoka na vibokisi

Mama mmoja ameshuka meli ya Nansio na picha ya marehemu mume wake. Anaitaka kwa A3, iwekwe fremu kwa ajili ya arobaini.

"Mwanangu, mbona kwenye simu iko safi kabisa?"

"Shikamoo mama. Hebu tuitazame kwanza vipimo."

Ukibofya kulia na kufungua sifa za faili, unakuta pikseli, yaani nukta, 1600 kwa 1200. Karatasi ya A3 ina urefu wa milimita 420, yaani inchi 16.5 hivi. Gawanya 1600 kwa 16.5, unapata nukta 97 kwa kila inchi. Picha ya kutazamwa kwa karibu inahitaji 300. Hata 200 inapita kwa ile ya ukutani. Kwa 97, ndevu za mzee zinakuwa matofali. Kwenye kioo kidogo cha simu kasoro hiyo haiwezi kuonekana.

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na taarifa zilizokuwa ndani yake, kama tarehe ya kupigwa na aina ya kamera, huondolewa. Chaguo la HD linasaidia lakini bado linabana. Kwa hiyo mama hahitaji programu yoyote. Anahitaji kumpigia shemeji aliyepiga ile picha, amwambie aitafute kwenye simu yake na aitume kama dokumenti. Telegram nayo inaruhusu kutuma kama faili. Shemeji akisema alishaifuta, muulize kama simu yake ilikuwa inapeleka picha Google Photos. Mara nyingi ipo huko na mwenyewe hajui.

Google Photos yenyewe ndiyo chanzo cha pili. Ikiwa imewekwa kwenye Storage saver, picha yenye zaidi ya megapikseli 16 hupunguzwa hadi 16. Kwa A3 bado inatosha, ila si asili tena. Na tangu Juni 2021 nafasi ya bure ni GB 15 kwa kila kitu, barua pepe zikiwemo, kwa hiyo watu wengi bakapu yao ilisimama zamani na hawajagundua. Fungua uangalie tarehe ya picha ya mwisho iliyopanda.

Halafu kuna wanaopiga picha ya kioo cha simu badala ya kupakua. Na wapo wanaohariri JPEG ileile kila wiki: kata, ongeza mwanga, sevu, kesho andika jina, sevu. Kila kusevu upya kwa JPEG hutupa kiasi fulani cha picha. Kukopi hakutupi chochote, wala kufungua na kutazama, ingawa vijiweni utasikia vinginevyo.

Usijaribu kuokoa picha ya namna hiyo kwa kuigeuza TIFF au PNG. Kilichotupwa hakirudi, utapata faili zito lenye kasoro zilezile. Programu za akili bandia zinazodai kusafisha sura nazo zinabuni: macho yanang'aa, ngozi inanyooka, na ndugu wakiitazama wanaona mtu anayefanana na marehemu. Afadhali fremu ndogo. Pikseli 1600 zinatoa picha nzuri tu ya inchi 5 kwa 4.

## Juu picha nzuri, chini kijivu

Sura zinaonekana, halafu kuanzia kifuani kushuka ni kijivu kitupu, au rangi zimeruka zikawa za waridi na kijani.

Anza kwa kulinganisha ukubwa wa faili hilo na lile lililo kwenye kadi ya kamera. Ukitofautiana, kopi ilikatika njiani: umeme ulizimika, au flashi ilichomolewa kabla kompyuta haijamaliza kuandika. Kopi upya. Hii ndiyo sababu kadi haifutwi siku hiyohiyo ya harusi, hata kama Jumapili kuna shughuli nyingine Igoma.

Ukubwa ukiwa sawa na picha bado mbovu, ishuku flashi. Flashi ya TB 1 inayouzwa kwa bei ya GB 16 ni feki. Ndani ina nafasi ndogo lakini imechezewa iidanganye kompyuta. Ukivuka nafasi yake halisi, inaonyesha majina huku picha zenyewe zikiwa zimepotea. Ndiyo maana picha za mwanzo zinafunguka na za mwisho zimeharibika. Flashi au kadi yoyote mpya ipime ikiwa tupu, kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Programu inaijaza yote kisha inaisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Inachukua muda, basi iache usiku.

Wanaofuata kushukiwa ni kadi chovu, kisomea kadi kibovu au waya uliolegea: badilisha kimojakimoja. Usibadilishe vyote kwa pamoja, hutajua kipi kilikuwa na tatizo.

Kuthibitisha kwamba kopi ni sawasawa na asili kuna njia isiyo na ubishi. Kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt) andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Utapata mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Fanya hivyo kwa asili na kwa kopi. Zikifanana zote, hakuna hata nukta moja iliyobadilika. Kwa folda nzima tumia TeraCopy, ambayo inakopi na kuhakiki yenyewe.

Simama hapo hapo kama kadi yenyewe ndiyo inayotoa makosa ya kusoma, au picha zimefutwa kwa bahati mbaya. Itoe kwenye kamera, sukuma kile kitufe kidogo cha pembeni kifunge kuandika, kisha tumia PhotoRec, ambayo ni ya bure. Kinachookolewa kiandikwe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile. PhotoRec hairudishi majina, jiandae kupanga upya.

Neno moja kuhusu ZIP, maana watu hupenda kufunga harusi nzima kwenye faili moja wakidhani wanaokoa nafasi. JPEG tayari imebanwa, ZIP haiipunguzi kwa kiasi cha maana. Ila ZIP ikipata jeraha, unaweza kukosa picha mia kwa mpigo. Kwa kutunza, acha picha kwenye folda wazi.

## Folda zote zimekuwa shotikati

Kirusi, karibu kila mara, na kimetoka kwenye mashine inayotumiwa na watu wengi. Usibofye shotikati hata moja. Angalia nafasi iliyotumika kwenye flashi: kama bado inasoma GB zilezile, picha zipo, zimefichwa tu. Piga antivairasi kwanza. Kisha kwenye dirisha la amri andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Folda zikijitokeza, kopi picha peke yake, halafu ndipo flashi ifomatiwe.

Lakini ukikuta majina ya picha yameongezewa mkia wa ajabu, na kuna waraka unaodai pesa, zima kompyuta na chomoa diski zote. Hapo hakuna cha kugeuza fomati. Na hii ndiyo sababu diski ya bakapu haikai imechomekwa wiki nzima.

## RAW haifunguki, au imefunguka bila kazi uliyoifanya

Hili ni la wapiga picha wa kazi. Kamera ikiwa mpya kuliko programu, RAW yake haitambuliki. Canon, kwa mfano, ilianza kutumia CR3 mwaka 2018 na EOS M50, na aliyebaki na toleo la zamani la Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, hapati kitu. Adobe DNG Converter ni ya bure, inageuza RAW hizo kuwa DNG, fomati ambayo Adobe iliitoa mwaka 2004 na maelezo yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kutengeneza programu ya kuisoma.

Ukiona picha inang'aa sekunde ya kwanza kisha inapauka, haijaharibika. Ile ya mwanzo ni JPEG ndogo ambayo kamera huificha ndani ya RAW; ya pili ndiyo RAW yenyewe, haijapakwa chochote.

Kazi ya uhariri iliyopotea kwa kawaida haijapotea. Marekebisho ya RAW hayaandikwi ndani ya RAW. Yamo kwenye faili dogo la XMP lililokaa pembeni, au kwenye katalogi ya Lightroom. Ukikopi picha na kuliacha, umebeba picha tupu. Rudi kwenye kompyuta ya awali ulitafute. DNG ina faida hapa, kwani marekebisho yanaweza kuandikwa ndani yake.

Basi nitunze ipi? Kwa picha ya megapikseli 24, JPEG nzuri huwa na MB 10 hivi, RAW 25 hadi 30, TIFF ya biti 8 isiyobanwa 72, na ya biti 16 ni 144. Harusi ya picha 1,000 kwa TIFF ya biti 16 inakula GB 144, na hakuna bwana harusi aliyelipia hiyo. Ninachoshauri ni RAW au DNG za zile zilizochaguliwa, pamoja na JPEG kamili zilizokamilika. RAW peke yake haitoshi: siku ukiwa haupo, mke wako hatajua aifungue na nini, lakini JPEG itafunguka popote.

TIFF naiachia kazi mbili. Ya kwanza ni zile picha chache zilizofanyiwa marekebisho mazito. Ya pili ni kuskani picha za karatasi: babu yupo Kisesa amesimama na wacheza bugobogobo, nakala ni hiyo moja, kingo zimeanza kuliwa. Iskani kwa nukta 600 kwa inchi. Picha ya inchi 4 kwa 6 itatoa faili la MB 26 hivi, unafanya mara moja na karatasi inapumzika. PNG nayo haitupi kitu, lakini inafaa zaidi vyeti, risiti na nembo.

## Tarehe zimevurugika, au picha zimefunikana

Tarehe ya faili inaweza kubadilika likikopiwa. Ya kupigwa imo ndani ya picha, isipokuwa ilipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida. Panga kwa tarehe ya kupigwa. Kamera ikifika 9999 huanza tena 0001, kwa hiyo ukimwaga harusi mbili kwenye folda moja na kubofya Replace, ya kwanza imekwenda. Kila shughuli iwe na folda yake, kwa mfano 2025-08-16_harusi_Ilemela.

## Faili kubwa linakataa kuingia kwenye flashi yenye nafasi

Flashi imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalofika GB 4. Hamisha kwanza yaliyomo, kisha uifomati kwa mfumo wa exFAT. Kufomati kunafuta kila kitu.

## CD ya harusi haisomi, au diski inagonga

CD na DVD za kuchoma zina rangi maalumu inayobeba data, na rangi hiyo hudhoofishwa na joto, jua na unyevu. Nyumba za ufukweni, kuanzia Kirumba hadi Nyegezi, unyevu si wa kutafuta. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha. Jaribu kisomea kingine. Vya zamani vya mezani wakati mwingine husoma kile ambacho cha laptopu kimekataa. Chochote kitakachosomeka kikopi siku hiyohiyo, kwani kesho huenda kisisome.

Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Mbali maana yake mji mwingine, kwa kaka Shinyanga au Dodoma. Mwaka 2020 na tena 2024 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita kawaida, na diski mbili kwenye kabati moja zinalowa pamoja.

Diski ikianza kugonga tik-tik, kukwaruza, au kuzunguka na kusimama, chomoa sasa hivi. Usiiwashe "mara moja ya mwisho", usiiweke kwenye friji, usiigonge, na usikubali ifunguliwe mezani. Chembe moja ya vumbi inatosha kukwaruza sahani zake. Iliyolowa isiwashwe kabisa. Hiyo ni kazi ya wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi, na bei yao ni kubwa, kwa hiyo jiulize kwanza kama kuna nakala nyingine kwa ndugu.

Unapoipeleka, andika kwenye karatasi na uibandike kwenye diski: picha zipo folda gani, tatizo lilianza lini, nini kilishajaribiwa, na kwa herufi kubwa, USIFOMATI. Ukishamwachia, muulize fundi atakachookoa atakiandika kwenye diski gani. Akijibu ni hiyohiyo, ichukue uondoke nayo.